Nia ya Mwanafunzi Hulishwa na Nini?

Liko swali ambalo wazazi na walimu wa pande hizi za Kigoma na Ujiji huulizana mara nyingi, na yafaa tulifikiri kwa utulivu. Kijana aanza kujifunza kuandika programu za kompyuta. Mwezi wa kwanza hana usingizi; akipata kompyuta ya kuazima hukesha nayo, na asipoipata hujaribu kwa simu yake. Mwezi wa pili maneno yapungua. Mwezi wa tatu ukimwuliza habari za masomo yake, hutazama chini na kugeuza mazungumzo. Wakubwa husema, "Mvivu huyu." Naye mwenyewe husema moyoni, "Sikuzaliwa na akili ya kazi hii." Je, hukumu hizi mbili ni za haki? Nia ya mwanafunzi yatoka wapi, na kwa nini hukauka?

Tusidhani kwamba neno hili ni dogo. Mtu aachaye kujifunza kazi hapotezi kazi ile peke yake. Alijipa ahadi, naye hakuitimiza. Ikiwa mara moja, si kitu. Lakini ikiwa mara tatu au mara nne, huanza kutoliamini neno lake mwenyewe, na siku akisema, "Kesho nitaanza," moyo wake humcheka. Mtu asiyeamini neno lake mwenyewe hudhoofika katika kila jambo, hata katika mambo yasiyohusu kompyuta kamwe. Kwa hiyo atakaye kumsaidia kijana wa namna hii amsaidia katika jambo la tabia, wala si katika ufundi tu.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaiona kazi hii, yafaa nieleze kwa ufupi. Programu ni maagizo yaliyoandikwa kwa utaratibu, ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya moja. Mashine haikisii nia ya mwandishi, wala haimstahi, hufanya lililoandikwa. Akisahau alama moja, kazi yote yaweza kusimama. Ndiyo sababu mwanafunzi hukosea mara nyingi kwa siku kuliko mwanafunzi wa kazi nyingine, tena huonyeshwa kosa lake papo hapo. Ni kazi yenye aibu nyingi ndogo ndogo, na asiye na kitu cha kumpa furaha katikati ya aibu hizo hachukui muda kuchoka.

Basi watu hujibu swali letu kwa njia mbili. Wengine husema kwamba nia ni nguvu ya moyo. Aliye nayo huendelea, asiye nayo huacha, na hapana la kuongeza. Wengine husema kwamba nia huzaliwa na kazi yenyewe: fanya kazi tu, na kuipenda kutafuata. Mwanafalsafa Myunani Aristotle, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha karibu na hilo la pili. Alisema kwamba tabia njema hupatikana kama ufundi upatikanavyo: mtu huwa mwashi kwa kujenga. Lakini hakuishia hapo, kwani alionya pia kwamba anayejenga vibaya huwa mwashi mbaya kwa kujenga kule kule. Hapo ndipo penye jibu tulitafutalo. Si kila kazi ilishayo nia. Kazi nyingine huila. Yatupasa kujua ni kazi ya namna gani ilishayo.

Mtazameni kijana wetu alianza na nini. Mara nyingi alianza na jambo kubwa. Alitaka kutengeneza programu kama WhatsApp, au duka la nchi nzima katika simu, au mchezo kama ile inayotengenezwa na mafundi mia mbili kwa miaka mitano. Wahenga walisema, mkamia maji hayanywi. Ubaya wa kazi kubwa kwa anayeanza si ugumu wake peke yake, maana hata kazi ndogo ina ugumu. Ubaya wake ni kwamba haina siku ambayo mtu aweza kusema, "Imekwisha." Kila jioni hulala akiwa mdaiwa. Leo amekosa, jana alikosa, na kesho ataendelea kukosa. Hata ayafanyayo vizuri hayaonekani, kwa kuwa yamezama ndani ya jambo lisilotimia. Moyo wa binadamu hauwezi kulishwa kwa deni peke yake.

Sasa tumfikirie kijana mwingine, na tumweke Kibirizi, mahali ambapo mama yake hununua dagaa kwa wavuvi na kuwaanika. Sote tunajua desturi ya ziwa letu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, huwasha taa juu ya maji, na dagaa hukusanyika penye mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima hung'aa, taa hupoteza nguvu yake, na wavuvi wengi hupumzika. Basi mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Tuseme kijana huyu, akiwa hana la kufanya mwaloni, aliazimia kuandika programu ndogo: umpe tarehe, akuambie umri wa mwezi angani.

Hesabu yake si ngumu. Wataalamu wa nyota wajua kwamba tarehe 6 Januari 2000 mwezi ulikuwa gizani kabisa. Hesabu siku zilizopita tangu hapo, zigawanye kwa urefu wa mwezi mmoja, na masalio ndiyo umri wa mwezi. Kijana aliambiwa tangu utoto kwamba mwezi una siku 30, basi akaandika 30. Akaijaribu kwa tarehe 15 Mei 2024. Tangu siku ile ya mwaka 2000 zilikuwa zimepita siku 8,896. Ukizigawa kwa 30 wapata mara 296, na masalio 16. Programu ikamwambia kwamba mwezi umepita upevu wake, nao ungali mkubwa. Jioni akatoka nje, akatazama juu, akaona nusu ya mwezi.

Hapo ndipo elimu ilipoanza. Kompyuta haikulalamika, maagizo yake yalikuwa sahihi kwa kadiri ya mashine. Aliyemwambia kwamba amekosea ni mbingu. Akatafuta, akajua kwamba tangu giza moja la mwezi hata jingine ni siku 29.53, si 30. Akabadili tarakimu ile moja. Siku 8,896 zikagawanyika mara 301, na masalio siku 7 na nusu hivi, nayo ndiyo nusu ya mwezi aliyoiona kwa macho. Tena akajifunza jambo lililo kubwa kuliko programu: kosa lisilofika nusu siku kwa mwezi mmoja halionekani, lakini kwa miezi 301 limekuwa siku zipatazo 141. Somo hilo hakulipata kwa kuambiwa. Alilipata kwa kuwa kazi ilikuwa yake, na jibu lake lilikuwa juu ya paa la nyumba yao.

Akampelekea mama yake. Mama akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi nikitaka kujua mwezi natazama juu tu." Neno hilo lingeweza kumvunja moyo, nalo lilikuwa kweli. Lakini mama akafikiri kidogo, akauliza, "Haya, ziwa likifunguliwa tarehe 15 Agosti, itakuwa giza au mbalamwezi? Nataka kujua ni lini niwe na fedha mkononi." Swali hilo halijibiwi kwa kutazama juu. Kijana akaingiza tarehe, akapata umri wa siku karibu 11. Akamwambia, "Mama, mwezi utakuwa unakaribia kupevuka. Giza lenyewe ni mwanzoni mwa Septemba." Na ndivyo ilivyokuwa angani mwaka ule. Programu ile haizidi mistari kumi. Ina upungufu wake pia, kwa maana hesabu ya wastani yaweza kukosea kwa nusu siku hivi, tena haiwezi kuandamisha mwezi. Wazee wa Ujiji wanaongojea mfungo bado watatazama kwa macho. Lakini imekwisha, na mtu mmoja ameitumia.

Tuyapime mambo yaliyomo katika mfano huu. Kwanza, kazi ilikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa karibu. Pili, ilikuwa na hakimu asiyedanganywa, yaani mwezi wenyewe. Kijana hakuhitaji mwalimu wa mbali kumwambia kama amefaulu. Tatu, alikuwapo mtu aliyeingojea, naye kwa swali lake aliigeuza kazi ikawa bora kuliko alivyoiwaza mwanzo. Panapo mambo hayo matatu nia haihitaji kutafutwa. Kijana atarudi kesho, maana sasa ataka programu imwonyeshe siku zote za mwezi pamoja, na imwandikie neno "giza" au "mbalamwezi" mbele ya kila siku. Kwa kufanya hivyo atajifunza masharti na marudio, ambayo ni misingi ya lugha zote za kompyuta, wala hatajua kwamba yuko darasani. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini yuko atakayesema, "Hivi ni vitu vya kuchezea. Tutapataje mafundi wakubwa kwa kuhesabu mwezi?" Neno hili lastahili jibu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, aliwaandikia wenzake habari za programu aliyokuwa akiitengeneza kwa kujipendezea tu, wala hakudhani kwamba itakuwa kubwa. Leo Linux huendesha kompyuta nyingi sana duniani, na msingi wake umo hata ndani ya simu za Android tunazochukua mifukoni. Guido van Rossum, Mholanzi, alianza lugha ya Python katika sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1989 ili apate shughuli ya likizo. Na karibu nasi, mwanzoni mwa mwaka 2008, Kenya ilipokuwa katika ghasia baada ya uchaguzi, David Kobia na wenzake, nao ni Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman, walisimamisha Ushahidi, ramani ambayo watu waliweza kupelekea habari za maovu waliyoyaona. Waliisimamisha kwa siku chache tu. Watu husifu siku zile chache, lakini husahau miaka iliyotangulia. Kobia alikuwa amekwisha kujenga na kuutunza uwanja wa mazungumzo wa Wakenya ulioitwa Mashada. Siku ya haja ilipofika, mkono wake ulikuwa umezoea.

Hata hivyo yatupasa tahadhari. Si haki kumwambia kijana, "Fanya kidogo, maana kidogo chako kitakuwa Linux." Katika vidogo elfu, vyote elfu vyaweza kubaki vidogo. Tukimlisha kijana kwa ahadi ya ukubwa tumemrudisha katika deni lile lile la kwanza, naye ataipima kila kazi yake kwa utajiri ambao haujaja. Thamani ya programu ya mwezi haikutegemea kukua kwake. Ilikuwa kamili siku ile mama alipopata jibu lake. Mtu anayeweza kuona ukamilifu katika kitu kidogo ana chakula cha kila siku; asiyeweza, hata akipewa kikubwa atakiona hakitoshi.

Liko swali jingine, nalo ni la dhamiri. Je, kuacha kazi kabla haijaisha ni kosa daima? Sidhani. Kazi nyingine hustahili kuachwa: mtu amegundua kwamba haina faida kwa yeyote, au mama ameugua, au kompyuta ya kuazima imerudi kwa mwenyewe. Lakini ziko namna mbili za kuacha, na ziwa letu limetuachia mfano ulio bora. Meli tuijuayo kwa jina la Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa kwa bahari hata Dar es Salaam, na kwa reli ya kati hata Kigoma, ikaungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma vitani waliizamisha wenyewe, adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, wakaona mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina jipya.

Mafundi wale hawakujua kama kuna mtu atakayeinua kazi ya mikono yao. Waliiacha kama watu wanaoiheshimu. Kadhalika mwanafunzi alazimikaye kuiacha programu yake, asiitupe tu. Na aketi nusu saa, aandike katika daftari: kazi hii ilikusudiwa nini, imefika wapi, kosa gani halijapona, na hatua ifuatayo ni ipi. Hiyo ndiyo grisi yake. Akirudi baada ya miezi sita, au akija mwenzake, ataikuta mitambo haijaliwa na kutu. Tena, na hili ndilo kubwa, hatakuwa amelivunja neno lake. Ameiweka kazi chini kwa hiari yake, na mtu aliyeweka chini si sawa na mtu aliyeangusha.

Mwisho kuna kishawishi cha siku zetu hizi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote, mashine za akili mnemba zimeenea, nazo huandika programu kwa kuombwa kwa maneno tu. Kijana huuliza, "Kwa nini nisumbuke na mistari kumi, ikiwa mashine hunipa mia kwa dakika moja?" Tusimjibu kwa hasira, wala tusimkataze; mashine hizo zaweza kuwa mwalimu mwema kwa mtu aliye mbali na shule. Lakini tumwulize: mashine ikikuandikia 30 mahali pa 29.53, nani atakayejua? Atajua yule tu aliyetoka nje akatazama. Anayepewa kazi iliyokwisha amepata programu, lakini hakupata jicho. Tena hakupata ile furaha ya jioni, ya kusema, "Hili nimelifanya mimi," na bila hiyo nia yake haina chakula. Na aiulize mashine kama aulizavyo fundi mkubwa: "Nieleze kwa nini," si, "Nifanyie."

Basi ninyi wazazi na walimu, kijana akija kwenu na furaha ya kuanza, msimpe moyo kwa sifa tu, wala msimtishe kwa mifano ya waliofaulu mno. Mwulizeni maneno manne. Kazi hii itakwisha lini? Isizidi majuma mawili. Utajuaje kwamba ni sahihi? Awe na kitu cha kuipimia. Nani ataitumia? Awepo walau mtu mmoja mwenye jina na uso: mama mwenye madeni ya dagaa, fundi cherehani mwenye vipimo vya wateja, mwalimu wa kwaya anayetaka kujua nani alikosa mazoezi. Na ukiiacha, utaiacha katika hali gani? Akiyajibu manne hayo, mwacheni afanye. Na akiisha kumaliza, itumieni kweli kazi yake, hata ikiwa daftari lenu lawatosha, na mwambieni wazi palipo na kasoro. Kuitumia kazi ya mtoto ni heshima kuliko kumsifu.

Kwa hiyo yule kijana wa kwanza, aliyetazama chini alipoulizwa habari za masomo, tusimwite mvivu kabla hatujajua alipewa kazi gani. Huenda alikuwa na nia nyingi, akaipeleka mahali pasipo chakula. Mrudishieni daftari lake, mwambieni achague jambo moja liwezalo kumalizika kabla ya mwezi ujao kuandama, naye aanze nalo leo jioni.